Kubadilisha Tanga na Kamba za Mashua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa kila msimu, barazani na kwa simu, na wenye mashua wa Lamu na Unguja, na siku hizi hata na wanaotembeza wageni. Nimeanza na ya kawaida nikaishia na ya nadra. Majina ya kamba hubadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa. Nimetumia niliyoyazoea, na penye utata nimeeleza kamba yenyewe inafanya kazi gani.

## Kabla ya kununua chochote

1. Nitajuaje kama tanga limekwisha au linahitaji kiraka tu?

Usihesabu matundu, jaribu kitambaa. Tundu la msumari au la panya ni kazi ya jioni moja. Chukua sindano nene, ichome karibu na foromali (ule mti mrefu unaobeba tanga), pale jua linapopiga mwaka mzima hata tanga likiwa limekunjwa, kisha isukume kando. Kitambaa kizima kitaikatalia. Kilichochoka kitachanika kama karatasi, na hapo kiraka hakisaidii, maana utashona kizima juu ya kibovu na upepo utapasua pembeni mwa mshono wako.

Halafu angalia uzi. Kwenye matanga ya poliesta, uzi hufa kabla ya kitambaa kwa sababu umekaa juu juu, jua na msuguano vyote unavipata wa kwanza. Ukiukwaruza kwa ukucha ukakatika, na kitambaa bado kigumu, rudia mishono tu. Nimeona watu wakitupa tanga zima la miaka mitatu kwa kosa la uzi wa dukani wa kushonea kanzu.

Dalili ya tatu huioni nchi kavu. Tanga lililolegea hubeba tumbo kubwa nyuma, karibu na ukingo wa demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga), na chombo kinalala ubavu badala ya kwenda mbele. Ikiwa zamani mlibisha, yaani mlikwenda mkiukabili upepo, mkafika na sasa mnabisha mkajikuta palepale, shaka ya kwanza iwe tanga, ya pili magugu na chaza chini ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo).

2. Msimu huu nina pesa ya kitu kimoja tu. Nianze na tanga au kamba?

Anza na kilicho kibovu zaidi kati ya mlingoti, foromali, henza (kamba ya kuitweka foromali), makapi (puli za kupitishia kamba) na kamba za kukazia mlingoti. Tanga liwe la mwisho. Najua hilo halipendezi, kwa kuwa tanga jipya huonekana tangu ng'ambo na henza mpya haionekani na mtu. Lakini tanga jipya halivujishi upepo kama la zamani. Nguvu yote linaishika na kuipeleka kwenye foromali, kutoka hapo kwenye henza, kutoka hapo kwenye kichwa cha mlingoti. Kile kilichokuwa kinapona kwa sababu tanga lilikuwa bovu, sasa kitavunjika.

Nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Mwenye mashua mmoja aliniletea kitambaa kizuri, akataka niongeze upana wa jora moja kuliko tanga la zamani. Nikashona, sikuuliza foromali ina umri gani. Siku ya tatu ilikatika pale henza inapofungwa, ikaanguka nje ya chombo na tanga lote likaingia majini. Hakuna aliyeumia. Kulivuta tanga lililojaa maji na kulirudisha ndani kulichukua mchana mzima, na nilishona bure viraka vinne.

3. Kazi hii ifanywe wakati gani wa mwaka?

Katika mwambao huu, shona kusi likiwa kali, Juni na Julai, vyombo vidogo vingi vinapopumzika. Chombo kikiwa juu ya mchanga unaweza kung'oa mlingoti bila kugombana na mawimbi. Tanga likiwa tayari kufikia Septemba, utalijaribu kwenye maleleji ya Oktoba na Novemba, pepo zikiwa nyepesi, na kaskazi la Desemba litakukuta umeshalizoea. Ukimletea fundi kitambaa katikati ya Desemba utapewa foleni, na pengine utapewa mishono ya haraka.

Kama ni kitambaa cha pamba, epuka kukishona na kukihifadhi kwenye mvua za masika. Ukungu huingia kabla tanga halijaonja chumvi.

## Kitambaa na vipimo

4. Kitambaa gani kinafaa: pamba, poliesta au turubai?

Pamba ndiyo ya wazee. Jina lenyewe la marekani, ile bafta ngumu isiyotiwa rangi, limetokana na vitambaa vilivyoletwa Zanzibar na meli za Marekani, nyingi zikitoka Salem, katika karne ya 19. Pamba nzito ni laini mkononi, inakunjika vizuri, na ukijua kazi yako inakupa umbo zuri. Adui yake ni unyevu. Tanga la pamba likikunjwa bichi siku mbili tatu, linaoza kwenye mikunjo. Wakati wa nyavu za pamba, magome ya mikoko yalichemshwa kuzipa rangi na kuzuia kuoza, na dawa hiyo hiyo inafaa kwa tanga la pamba. Kwa poliesta haina kazi.

Poliesta ya matanga haiozi kwa maji, hainyooki ovyo, na hukaa na umbo lake. Adui yake ni jua, kwa hiyo tanga lisiloondolewa wala kufunikwa linakufa likiwa limefungwa. Ni ghali. Wengi huku hununua matanga makuukuu ya yoti, wanayafumua na kuyakata upya. Ni njia nzuri mradi upime kwa sindano kama nilivyosema swali la 1, na usitumie sehemu iliyokuwa ukingoni, maana ndiyo iliyoungua.

Turubai la plastiki ni la dharura. Linakwenda, sikatai, na ngalawa nyingi zinavua samaki nalo. Linapasuka kwenye mshono kwa sababu nyuzi zake zinateleza, na likianza kupasuka halisimami. Ukilazimika kulitumia, kunja ukingo mara tatu, ingiza kamba ndani, na usitegemee tundu la pete pekee.

5. Nalipimaje tanga ili nisinunue kitambaa pungufu?

Kwanza mkubaliane kipimo. Fundi anasema pima na shibiri, duka linasema mita. Pima ni mikono minne, karibu mita 1.8, mkono ni shibiri mbili, karibu sentimita 45. Tatizo ni mkono wa nani. Nimepokea oda iliyopimwa na nahodha mrefu kama mnazi, na laiti ningeishona kwa mkono wangu tanga lingepungua shibiri nzima. Tumia utepe.

Pima kwenye foromali iliyokwisha kufungwa, si kwenye tanga la zamani, kwa kuwa la zamani limeshanyooka. Acha kama shibiri moja kila ncha kwa ajili ya kukaza. Chukua tanga la pembe tatu ambalo ukingo wake wa foromali ni mita 8, na kutoka pembe ya demani hadi kwenye ukingo huo, kwa mstari wa mraba, ni mita 5.5. Zidisha, gawa kwa mbili: mita za mraba 22. Kitambaa chenye upana wa sentimita 90 kinabaki na 86 baada ya mshono, kwa hiyo 22 gawa kwa 0.86 ni karibu mita 26 za urefu. Ongeza kama asilimia 15 kwa mikato ya pembeni na vipande vya kuimarisha pembe, unafika mita 30.

Tanga lililokatwa mbele, lenye pembe nne, ligawe kwa mstari wa kona hadi kona upate pembe tatu mbili, ukokotoe kila moja.

6. Naweza kuongeza ukubwa kidogo?

Unaweza, baada ya kujibu swali la 2 na la 13. Na uwe na viroba vya mchanga vya kutosha na watu wa kukaa upande wa joshi, kule upepo unakotoka.

7. Vitambaa vielekee wapi, na tumbo la tanga linatoka wapi?

Vipande vishonwe sambamba na ukingo wa nyuma, ule unaoteremka kutoka ncha ya juu ya foromali hadi pembe ya demani. Ukingo huo hauna mti wa kuushika, mzigo wake wote unabebwa na nyuzi za kitambaa chenyewe. Ukiuacha uende mshazari, utanyooka wiki ya kwanza na kupigapiga kama khanga kambani.

Tumbo halitokei kwa bahati. Linatokana na vitu viwili: namna ukingo wa foromali ulivyokatwa, na namna dasi ilivyoshonwa (swali la 8). Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Foromali hupinda upepo ukija, na ikipinda inakula sehemu ya tumbo ulilolikata. Kwa hiyo mimi huilaza foromali juu ya magogo mawili, namweka kijana akae katikati, napima imeshuka kiasi gani. Foromali laini inataka ukingo uliobetuka zaidi, ngumu inataka kidogo. Fundi anayekata bila kuiona foromali anabahatisha, hata kama amekata matanga mia.

Tumbo liwe mbele, karibu theluthi ya kwanza, lipungue taratibu kuelekea nyuma. Kwa safari za kusukumwa na upepo tumbo nene si mbaya, kwa kubisha ni mzigo.

8. Dasi ni lazima?

Ni lazima. Dasi ni ile kamba inayoshonwa kuzunguka ukingo wa tanga, nayo ndiyo inayobeba mvutano ili kitambaa kisibebe peke yake. Ishonwe fupi kidogo kuliko kitambaa: mimi kwa kila mita ya dasi hutia kitambaa cha mita moja na sentimita 2 au 3. Isokotwe kwanza na kuvutwa mpaka inyooke, la sivyo itanyookea kwenye tanga na ukingo utalegea. Mshono upite kati ya nyuzi za kamba, usizichome katikati. Uzi upakwe nta ya nyuki, na pembe tatu zote zizidishwe tabaka la kitambaa.

## Kamba, makapi na miti

9. Henza, jarari, demani, hamrawi: ipi ni ipi, na kila moja inataka kamba gani?

Henza ni kamba nene iliyofungwa kwenye foromali na kupita kichwani mwa mlingoti. Jarari ni ile nyembamba inayopita kwenye makapi na kuivuta henza. Mabaharia mnaposhika kamba kutweka tanga, mkononi mnashika jarari. Demani iko pembe ya nyuma ya tanga, ndiyo inayolegezwa na kukazwa safari nzima. Hamrawi ni kamba za kuiongoza foromali, na hapo majina ndipo yanapochanganyika zaidi, kwa hiyo mwonyeshe muuzaji kazi yake, usimtajie jina tu.

Henza na jarari zinataka kamba isiyonyooka: poliesta ya kusokotwa au kusukwa. Nailoni hunyooka, ukitweka asubuhi tanga limeshuka adhuhuri. Iweke kwenye nanga, huko kunyooka ni faida. Ile ya plastiki ya rangi ya bluu au kijani inaelea na ni rahisi, lakini inachomwa na jua na inateleza fundoni. Demani iwe nene kuliko nguvu inavyodai, kwa ajili ya mikono yako.

Kamba ya makumbi ya nazi inavumilia maji ya chumvi, bado nzuri kwa kufungia na kwa kuzuia kugongana, ila inanyooka mno kwa henza. Katani ni ngumu na inashika fundo vizuri. Imelimwa pande za Tanga tangu ilipoletwa na Wajerumani mwaka 1893, lakini ikikaa mbichi inaoza kutoka ndani. Ifumue kidogo uinuse: harufu ya uvundo itakuambia kabla ya macho.

10. Kila kamba iwe na urefu gani?

Jarari ndiyo inayowashangaza watu. Makapi mawili yenye roda (magurudumu ya ndani ya kapi) mbili mbili yanakupa sehemu nne za kamba. Henza ikipaswa kusafiri mita 6, utavuta mita 24 za jarari, ukiongeza ya kufungia na ya umbali wa makapi yenyewe.

Demani fupi utaijua siku ya kugeuza. Kwa tanga letu, foromali inapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na demani inazunguka huko mbele pamoja nalo. Kwa hiyo pima kutoka pembe ya tanga, kuzunguka mbele ya mlingoti, kurudi hadi mkononi mwa nahodha, kisha ongeza pima mbili. Aliyekata demani kwa kupima upande mmoja tu ataiachia katikati ya kugeuza, na tanga litampiga mtu.

11. Makapi ya zamani yanaweza kutumika na kamba mpya?

Ndiyo, ikiwa kamba mpya inaingia kwenye mfereji wa roda bila kubanwa na haitoki pembeni. Kipenyo cha roda kiwe karibu mara nane ya unene wa kamba, yaani kamba ya milimita 12 ipate roda ya sentimita 10 hivi. Chomoa msumari wa katikati, futa chumvi, paka mafuta mazito. Kapi linalolia linakula nguvu ya mtu mmoja.

12. Foromali iwe ya mti mmoja au ya kuunga?

Ya kuunga ni ya kawaida na haina aibu. Mvinje mnyoofu hupatikana kwa ncha ya juu, mti mzito zaidi kwa chini. Viungio vipishane kwa urefu wa kutosha, mimi sikubali chini ya pima moja kwa mashua, na vifungwe mahali mahali kwa kamba iliyokazwa kwa kijiti. Ukitumia boriti za mikoko, nunua zilizokatwa kwa kibali cha idara ya misitu.

Henza ifungwe kati ya theluthi moja na mbili ya tano ya urefu, kutoka ncha ya chini. Hapo pazungushiwe ngozi au kamba, mti usilike. Nafasi kamili utaipata majini (swali la 16).

13. Mlingoti unaonekana mzima. Nihangaike nao?

Choma kwa kisu pale unapokaa juu ya mkuku, na pale unapopita kwenye ubao unaoushika. Maji ya mvua yanateremka na mti na kutulia chini, huoza humo ndani wakati juu panang'aa rangi. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ahirisha tanga.

## Kufunga na kujaribu

14. Tanga linafungwaje kwenye foromali?

Anza na ncha mbili, kisha katikati, kisha jaza kwa vifungo vya kamba nyembamba kila shibiri moja na nusu hivi. Tanga la pamba lisikazwe sana mara ya kwanza, livutwe kwa mkono tu mpaka mikunjo iondoke. La poliesta unaweza kulikaza. Ukiona mkunjo mrefu sambamba na foromali umekaza mno. Ukiona vidimbwi kati ya vifungo, umelegeza.

15. Siku ya kwanza nifanye nini?

Toka na upepo mwepesi, tanga likavu, na uende upepo ukiwa ubavuni, saa mbili tatu. Usibishe, usishindane na mtu. Pamba inanyooka siku hizo za mwanzo, na ikinyooshwa na upepo mkali au mvua, umbo baya halirudi. Baada ya siku mbili au tatu kaza tena vifungo vya foromali. Poliesta haina haja ya subira hiyo, lakini kamba mpya zote zinayo: zikague baada ya kila safari mwezi wa kwanza.

16. Tangu nifunge tanga jipya usukani umekuwa mzito. Nani amekosea?

Pengine hakuna. Chombo kinachotaka kugeukia upepo, hata nahodha anaivuta kana (mkono wa usukani) kwa mikono miwili, kina tanga lililokaa nyuma mno. Jaribu kwa mpangilio huu: legeza demani kidogo, sogeza foromali mbele, sogeza fungo la henza kwenye foromali shibiri moja moja, inamisha mlingoti mbele kidogo, hamisha mizigo. Badilisha kimoja kwa safari moja, ukigusa vitatu pamoja hutajua kipi kimetibu. Kikikataa chote, ndipo umrudie fundi.

17. Ukingo wa nyuma unapigapiga.

Dasi ya upande huo imelegea, au vipande vilielekezwa vibaya (swali la 7). La kwanza linatibika, la pili halitibiki.

## Yasiyo ya kawaida

18. Mashua yangu inatembeza wageni na ina injini. Kuna tofauti?

Moshi wa injini na chakula cha moto ni adui wapya wa kitambaa, kwa hiyo angalia tanga likikunjwa linalala wapi. Wageni nao hawajui foromali inapita wapi wakati wa kugeuza: panga viti mbali na njia yake na waambie kabla, si wakati huo. Ukibadilisha ukubwa wa tanga au mlingoti, zungumza na wakaguzi wako, yaani Kenya Maritime Authority, TASAC kwa Tanzania Bara, au Zanzibar Maritime Authority, kabla ya kupakia abiria.

19. Na ngalawa?

Yote haya kwa udogo. Angalia zaidi vifungo vya matengo, ile miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke, ndiyo mlingoti wako wa pili.

20. Nina yoti ya faiba yenye mlingoti wa alumini. Majibu haya yananihusu?

Ya kitambaa, jua na mpangilio wa matumizi ya pesa, ndiyo. Ya kamba, nusu. Mlingoti wako haushikwi na kamba bali na waya za chuma cha pua, na waya hizo hazioni haya kukatika ghafla bila dalili. Ubovu huanza pale waya inapoingia kwenye kichwa chake kilichobanwa, chumvi inapotulia, hasa vichwa vya chini. Pitisha pamba mle. Ikinasa uzi mmoja uliokatika, waya hiyo imekwisha. Kampuni nyingi za bima huzitilia shaka waya zilizozidi miaka 10, na kwa joto na chumvi yetu sioni sababu ya kubishana nazo.

Badilisha waya moja moja, mlingoti ukiwa umeshikwa na nyingine na kwa henza za akiba. Kila skrubu ya kukazia itiwe pini na pini ipindwe. Vyuma vinavyopita kwenye sitaha kushika waya vichomolewe mara moja katika kazi hii, maana sehemu inayoliwa ni ile usiyoiona. Ukiwa safarini chombo kikilala kawaida, waya za upande wa chini zisining'inie. Kwa tanga jipya, pandisha utepe wa kupimia kwa henza hadi kileleni, chukua kipimo chenyewe, usiamini kitabu cha yoti wala tanga la zamani.

21. Tanga la zamani nilifanyie nini?

Usilikate mpaka jipya limepita kusi moja. Likuu ni ramani ya makosa ya fundi aliyetangulia, nami hulitandaza sakafuni kila ninapokata jipya. Baada ya hapo lina kazi nyingi: kivuli cha sitaha, kifuniko cha tanga jipya dhidi ya jua, mifuko ya mchanga. Kata pembe tatu zenye dasi uzihifadhi, zinafaa kwa viraka vya dharura. Usimpe jirani wa ngalawa bila kumwambia umri wake.